Ukuta wa Bi Sabaha Baada ya Magharibi: Tunamuaga Idrisa Abubakary

Leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Idrisa Abubakary anatimiza miaka sitini ya umri na anastaafu kazi ya upigaji picha katika Kiwanda cha Kalenda cha Zuhura, Gerezani, alikotumikia kwa miaka thelathini na saba, miezi minne na siku kadhaa ambazo idara ya utumishi imezihesabu na mimi nimezisahau. Kama una ukuta wenye msumari hapa Dar es Salaam, huenda umewahi kubeba picha yake. Kwenye saluni, gereji na ofisi za serikali za mitaa, watu wameangalia tarehe za harusi na za kufungua shule chini ya anga alilolipiga yeye. Wengi hawakulijua jina lake, maana jina la mpiga picha tunaliandika kwa herufi zinazohitaji miwani miwili.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naitwa Fortunata. Kazi yangu ni kusahihisha rangi za picha kabla hazijaingia mashineni. Uongozi uliniagiza niandike ukurasa mmoja wenye heshima. Heshima ipo. Huo ukurasa mmoja ndio ulionishinda.

Idrisa alizaliwa mwaka 1965 Kariakoo, mitaa mitatu kutoka sokoni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na baraza mbele. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa na ulitazama magharibi. Naomba msomaji aukumbuke ukuta huo, kwa sababu tutaurudia.

Aliajiriwa hapa Februari 1988, msaidizi wa chumba cha giza, akisafisha filamu za watu wengine. Alikuwa na mikono inayonuka dawa na, kwa ushahidi wa picha zilizopo, nywele nyingi. Baada ya miaka mitatu alikabidhiwa kamera, na tangu hapo hakuna aliyefanikiwa kumnyang'anya.

Kisa kinachosimuliwa sana hapa kiwandani ni cha mwaka 1996. Kampuni moja yenye ghorofa Posta ilitaka picha ya jengo lake jua likizama. Idrisa alipanda juu ya paa la jengo la ng'ambo akiwa na ofisa wa kampuni hiyo, akafunga kamera kwenye stendi, kisha akaligeuzia jua mgongo. Ofisa alisubiri, akakohoa, akamwonesha jua kwa kidole, mwishowe akashuka kutafuta simu na kuwaarifu wakubwa zake kwamba mpiga picha aliyeletwa ana matatizo. Picha zilipotoka, kila dirisha la ghorofa lile lilikuwa na kipande chake cha anga la magharibi, madirisha zaidi ya themanini, kila moja na rangi yake. Kampuni iliagiza kalenda mara tatu. Alipoulizwa siri yake alijibu neno moja, "Geuka", na kuanzia hapo likawa letu sote. Hata leo mtu akipoteza mkasi kiwandani, anaambiwa ageuke.

Sasa niseme kuhusu mkeka. Wapiga picha wengi wanagombania ule mwanga wa jua linapozama. Shida ya Idrisa ni kwamba saa hiyo hiyo ndiyo ya swala ya Magharibi, yenye wakati mfupi kuliko nyingine. Inaingia jua likitua na inatoka wekundu ukiisha mbinguni. Yeye hakukubali kuichelewesha. Alipanda paa la kiwanda mapema, akapima mwanga, akachagua fremu, akaikaza stendi. Adhana ziliposikika kutoka kila upande wa Kariakoo, alitandika mkeka pembeni ya stendi akaswali rakaa zake tatu bila haraka. Jua lenyewe lilikuwa limezama wakati yeye akitawadha. Katika miaka yake yote hapa hajawahi kulipiga jua likizama hata mara moja. Wateja walipouliza jua liko wapi, aliwajibu kwamba limeshatoka kazini, sasa ni zamu ya anga.

Mtindo wake wote umetokana na hapo. Jua likiwepo, mwanga unatoka mahali pamoja na kukata vivuli vikali. Upande mmoja wa jengo unawaka na mwingine hauonekani. Likishatua, anga zima linakuwa taa moja kubwa iliyofunikwa shuka. Mabati yenye kutu yanatulia. Vitenge vilivyoning'inizwa milangoni vinakuwa na rangi nzito kuliko za mchana. Dakika ya kumi baada ya adhana, magharibi kuna rangi ya chungwa chini na urujuani juu. Karibu na dakika ya kumi na tano ule urujuani unashuka kwenye kuta nyeupe na kuzitia waridi. Ikifika ya ishirini, taa za barabarani zinalingana nguvu na anga, na basi la mwendokasi likipita hapo Gerezani linaacha mchirizi mwekundu kwenye picha. Zaidi ya hapo ni giza, naye alifunga begi akashuka kunywa chai.

Kwenye fremu alikuwa mkali. Anga likijaa rangi, alilipa sehemu kubwa ya picha na kuyabana majengo chini. Likiwa tupu, alilikata likabaki jembamba kama pindo la kanga. Alisema picha lazima ijue inamsifu nani. Na ukimletea picha yenye anga nusu na nyumba nusu, alikuuliza kwa upole kama wewe ni hakimu.

Alipoanza kazi, mtu akisimama kwenye paa letu siku ya hewa safi aliviona vilima vya Pugu. Siku hizi unaona dirisha la jirani na nguo zake alizoanika. Kila mwaka ghorofa jipya lilichukua kipande cha magharibi, naye kila mwaka alisogeza stendi hatua mbili au tatu kutafuta upenyo mwingine. Alama za miguu ya stendi bado zipo kule juu, zimepigwa rangi, kila moja na mwaka wake, kutoka kona ya kusini mpaka karibu na chumba cha tangi la maji. Mimi nikizitazama natamani sana lile anga la mwaka 1988 ambalo sikulikuta.

Turudi kwenye ule ukuta.

Mwaka 2011 warithi wa nyumba ya kina Idrisa walikubaliana kuiuza, na mnunuzi alitaka kuivunja ajenge maduka. Bi Sabaha, mama yake Idrisa, hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya ukuta wa mbele katika ile saa baada ya Magharibi, ambapo chokaa yake iligeuka rangi ya ndani ya pera lililoiva. Tangu aolewe, miaka arobaini na tisa, alikuwa ameketi barazani saa hiyo akisuka ukili wa mikeka, mgongo wake umeegemea ukuta huo. "Nipigie rangi ile, mwanangu," alimwambia. "Nyumba najua siondoki nayo."

Ilikuwa imebaki jioni moja. Hata mwanga wenyewe ulikuwa umebaki kidogo, kwa sababu ng'ambo ya barabara yalishasimama maghorofa mawili, na waridi ya mbinguni ilipita katikati yao kwa muda wa dakika nne hivi. Idrisa aliswali na mama yake ukumbini kisha akatoka. Akakuta tatizo jingine. Maduka ya upande wa pili yalikuwa yamewasha taa za mirija, zile zenye mwanga wa kijani usio na huruma, na ukuta ulishaanza kuchukua rangi yake. Alivuka barabara akamweleza Heriel, muuza vitenge kutoka Moshi aliyekuwa jirani yao wa miaka mingi. Duka lilikuwa na wateja. Heriel aliwatazama wateja, akautazama ukuta, akapanda kigoda na kuzima swichi kuu. Halafu akatoka nje akapaza sauti kwa mtaa mzima: "Jamani, zimeni taa! Idrisa anapiga nyumba ya mama! Dakika nne tu!"

Wakazima, duka baada ya duka. Wasukuma mikokoteni wakasogeza mizigo bila kutukana, jambo ambalo Heriel mpaka leo anasema ndilo lililomshangaza zaidi. Mama mmoja aliyekuwa akipimiwa kitambaa alisikika akisema, "Haya, lakini mita zangu zinapimwa upya." Kariakoo, saa ya watu kununua mara ya mwisho kabla ya kufunga, ilikaa gizani kwa ajili ya ukuta wa chokaa. Bi Sabaha alisimama nyuma ya mwanawe akitazama. Picha ilipatikana.

Ikaletwa kwangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini na nilijiona fundi. Kanuni niliyotoka nayo chuoni ilikuwa hii: tafuta kitu unachojua ni cheupe, iambie kompyuta kwamba ni cheupe, na rangi nyingine zitajipanga zenyewe. Nikaona ukuta wa chokaa. Nani asiyejua chokaa ni nyeupe? Nikabofya. Waridi yote ikatoka kama doa kwenye shati, ukuta ukabaki mweupe pe. Nikaihifadhi juu ya picha ya asili, kadi ya kamera ikafutwa kwa kazi iliyofuata, na nakala elfu sita za kalenda ya 2012 zikachapwa zikiwa na ukuta huo mwezi Desemba.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mwenyewe, nikitabasamu. Aliitazama kwa muda mrefu. "Imetoka safi, dada," alisema. Akaikunja akaondoka mapema siku hiyo, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake.

Ukweli niliupata kwa Heriel, alipokuja Gerezani kuchukua kalenda za wateja wake. Alifungua Desemba palepale kaunta. "Mbona mweupe?" aliuliza. "Kumbe tulizima taa bure?" Akanisimulia yote niliyoyaandika hapo juu. Nilipanda ngazi nikilia. Nyumba ilikuwa imeshavunjwa. Idrisa aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Wewe hukuwahi kukaa pale barazani, dada. Ungejuaje?" Akaongeza jambo lililonitia haya kuliko tusi: "Kesho njoo saa kumi na mbili. Nikuoneshe nyeupe."

Kwa miezi mitatu nilipanda naye kila jioni. Alibandika karatasi nyeupe kwenye ukuta wa chumba cha tangi na kuniambia niitazame, nisitazame kitu kingine. Karatasi ile ile, ndani ya dakika ishirini, ilikuwa ya manjano, ikawa ya chungwa, ikawa ya waridi, ikaishia kwenye buluu. "Ipi ndiyo nyeupe?" aliniuliza. Tangu hapo sijafuta rangi ya jioni ya mtu yeyote, na wateja wanaotaka kila kitu kiwe cha chungwa nawaelekeza kwenye kiwanda kingine.

Bi Sabaha alihamia Mbagala kwa bintiye Ummy, katika nyumba inayotazama mashariki. Alikuwa akisema kwamba kule jua linaondoka bila kuaga. Alifariki mwaka 2019. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Niliogopa, sina maneno mengine ya kupamba hilo.

Badala yake nilijaribu kuirudisha rangi. Kila Desemba nilichukua ile picha iliyoharibika, nikaupaka ukuta waridi kwa kompyuta, nikaichapa, nikampelekea. Yeye aliishika mbele ya dirisha, akarudi hatua moja, akainamisha kichwa. "Inakaribia," alisema. Mwaka mwingine hivyo hivyo. Nilijaribu yenye wekundu zaidi, yenye manjano kidogo, iliyofifia. Inakaribia. Amenijibu hivyo mara kumi na tatu, na kila mara nilirudi mezani nikiwa na hamu ya kuiona rangi ambayo sijawahi kuiona.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbagala kwa Ummy kutafuta picha za ujana za mstaafu wetu kwa ajili ya kijitabu hiki cha kumuaga. Ummy alinikaribisha katika chumba kilichokuwa cha mama yake. Nilipogeuka kufunga mlango, nikaona nyuma yake pametundikwa Desemba ya 2012, ukurasa wangu wenye kosa langu. Ukuta ulikuwa wa waridi.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Ilikuwa rangi iliyopakwa kwa mkono, imevuka mpaka kidogo karibu na mlango. "Mama huyo," Ummy alisema. "Unga wa rangi ya ukili, ile aliyokuwa akitia kwenye mikeka. Chembe kidogo kwenye kikombe cha maji, halafu pamba." Nikamuuliza kama Idrisa aliwahi kuiona. Ummy akacheka sana. "Si ndiye aliyemshikia kikombe! Mama anapaka, anamuuliza, bado? Naye anasema, bado kidogo, mama. Bado. Basi, hapo hapo, acha."

Kwa hiyo watu wawili walioijua rangi ile walikaa pamoja wakakubaliana, na ilikuwa nyuma ya mlango miaka yote hiyo. Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. "Kaka alitukataza," Ummy alinijibu. "Alisema ukiambiwa utaacha kutafuta. Na kwamba kila mwaka ukitafuta, macho yako yanazidi kuwa mazuri."

Nilikasirika, nikalia, nikacheka, kwa mfuatano huo. Hayo ndiyo mafanikio yake ambayo idara ya utumishi haikuyaweka kwenye jalada: mtu alichukua msiba wake mwenyewe akanifundishia kazi, na hakunidai hata pole.

Ndiyo maana sherehe ya leo iko kwenye paa wala si ukumbini, na ni jioni wala si mchana kama za wengine. Wiki iliyopita, mstaafu akiwa likizo, mimi na Mudi, atakayeshika kamera baada yake, tulipaka chokaa ukuta wa chumba cha tangi, ule unaotazama magharibi. Mudi amepima upenyo uliobaki kati ya maghorofa. Anasema mwanga utapita kwa dakika tano, mawingu yakiturehemu. Taa za paani zitazimwa. Mzee Heriel, ambaye yumo miongoni mwa wageni wetu, ameomba swichi aachiwe yeye.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Zuhura namshukuru Bwana Idrisa kwa subira yake, kwa utani wake, na kwa kutufundisha kwamba jua likishazama kazi ndiyo inaanza. Kesho saa kumi na mbili nitapanda ngazi zile kwa mazoea. Stendi itakuwepo, Mudi atakuwepo, na pembeni ya stendi patakuwa patupu. Nimeanza kupakumbuka hata kabla hajaondoka.

Mzee Idrisa, nakala yako utaletewa ukishamaliza swala, ikiwa imefunguliwa ukurasa huu wa mwisho. Ukianza na mwanzo, mwanga utaondoka ukiwa bado unasoma sifa zako. Tunakutakia jioni nyingi zenye afya na utulivu, wewe na jamaa zako wote. Mengine utayasoma nyumbani.

Miaka yote umekuwa ukituambia tugeuke. Leo nasema mimi. Umekaa umeelekea kibla. Magharibi iko kushoto kwako, na huko usitazame. Geukia kulia. Ukurasa wa mama uko ukutani, Ummy ameuleta mwenyewe, na kando yake uko wangu wa kumi na nne, ambao tukipata idhini yako utakuwa Desemba ya kalenda ya 2026. Itazame chokaa, uutazame ukurasa wa mama, kisha unitazame mimi.

Safari hii, tafadhali, usiniambie inakaribia.